Kipimo cha Tanki Lililolazwa

Wateja bado wanapita famasini kwangu kuniuliza Mama Labo yuko wapi, na mimi nimechoka kujibu. Nyumba yake ya mbao iko nyuma ya duka langu, kwenye uwanja wa mawe meusi ya lava, na ufunguo ninao mimi. Wengi hawamuulizi kwa upendo. Wana filamu mfukoni, wamepiga picha wiki nzima, sasa wanatafuta mtu wa kuwasafishia, na hapa Goma mtu wa kazi hiyo nyumbani kwake alikuwa yeye tu; ndiyo maana wakamwita Labo, yaani maabara. Nikiwaambia amesafiri wananikunjia uso kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Basi afadhali nieleze alikuwa mtu wa namna gani. Atakayesoma ataelewa kwa nini siwezi kumtajia siku atakayorudi.

Kwanza, hakuwa anakaa. Nilimfahamu miaka mingi na sikumbuki kumwona akimaliza kikombe cha chai kitini. Alikunywa amesimama mlangoni, bega moja ndani, bega moja nje, macho barabarani. Kanisani alisimama nyuma karibu na lango, hata viti vikiwa vitupu, na padri alishazoea kumwona akitoka katikati ya mahubiri na kurudi kabla ya sadaka. Ukimtembelea unaongea na mgongo wake, maana yeye anazunguka, anagusa chupa, anasogeza beseni, anachungulia dirishani. Nilimwambia mara nyingi kwamba ananitia kizunguzungu. Alinijibu nifumbe macho.

Tulijuana kwa ajili ya mabomba ya sindano. Alikuja dukani akataka ya kila ukubwa, bila sindano zenyewe, na wiki iliyofuata akarudi kutaka mengine. Nikaanza kumshuku. Mtaani kwetu hawakosekani watu wanaochoma watu sindano uani na kutuletea sisi wagonjwa wakiwa wamevimba. Nikamuuliza waziwazi anamchoma nani. Alinitazama kwa dharau ambayo baadaye niliipenda sana.

“Sichomi mutu,” akasema. “Niko napima.”

Akanishika mkono akanipeleka kwake nikaone. Jikoni kulikuwa na sufuria chache na chupa nyingi za rangi ya kahawia, na juu ya meza kimelala kitu kama thermosi fupi nyeusi, kikizunguka polepole juu ya magurudumu mawili. Magurudumu hayo alitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa mtaani, akayafungia mota ya feni ya zamani iliyopunguzwa mwendo kwa mikanda ya mpira. Ilipiga kelele ya kukwaruza ambayo mpaka leo nikisikia kinu cha kusagia mahindi huwa namkumbuka.

Alinieleza kazi yenyewe akiwa anatembea, na nitaieleza kwa kifupi kwa sababu bila hiyo hamtamwelewa. Filamu inavingirishwa gizani kwenye kigurudumu cha plastiki chenye mifereji, kigurudumu kinaingia ndani ya tanki lisilopitisha mwanga, halafu dawa zinamiminwa kwa zamu: ya kwanza inaitoa picha, yeye aliiita revelateri, ya mwisho inaikaza isiharibiwe na mwanga. Tanki likisimama wima lazima dawa ifunike filamu yote mpaka juu. Likilazwa na kuzungushwa, chini ya nusu ya dawa hiyo inatosha, kwa kuwa filamu inapita ndani ya dawa kila mzunguko. Dawa zilitoka Kampala, zikiletwa na wafanyabiashara wa kwao Butembo katikati ya mabalo, yaani marobota, ya nguo, na zilikuja zikipenda. Kwa hiyo alilaza. Alipima kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akiwa ameinama jicho likiwa sawa na mstari, na ndiyo nafasi pekee ambayo mwili wake wote ulitulia. Akimaliza kupima anaanza tena kutembea.

Mimi nami napima kwa riziki yangu, kwa hiyo tuligombana tangu siku ile ya kwanza. Nilimwambia kwamba kama kinachotakiwa ni kulowesha filamu tu, basi achanganye maji zaidi, dawa imfikishe mbali. Alikataa. Alisema kila filamu ina njaa yake. Unaweza kuilowesha yote vizuri, lakini kama ndani ya yale maji dawa ni kidogo, inachoka kabla picha haijatoka, na utapata watu waliofifia kama nguo ya mnada iliyofuliwa sana. “Maji inafunika,” alisema, “dawa njo inalisha.” Yaani maji yanafunika, dawa ndiyo inayolisha. Maneno hayo aliyasema katika kila jambo. Aliyasema nyumbani kwangu juu ya sombe, kisamvu, niliyoiongezea maji kwa sababu wageni walikuwa wengi, tena mbele ya hao wageni, na mama mkwe wangu akacheka mpaka akashika ubavu. Sikumsemesha siku kadhaa. Alinimaliza hasira kwa kuniletea kikapu cha viazi vya Lubero na kukiacha mlangoni bila kubisha.

Mtu huyohuyo aliyepima revelateri kama dhahabu alitia chumvi kwa kiganja, bila kutazama. Chakula chake kilikuwa hakiliki. Aliwatukana wateja wanaochelewa kuchukua picha zao, halafu ukienda msibani kwa mteja yuleyule unamkuta yeye ndiye anayechota maji. Hakupenda kupigwa picha hata kidogo; alisema amesafisha sura za watu wengi mno, anajua zinavyodanganya. Na alikuwa mkali wa mambo ya kanisa na mahari kupita padri mwenyewe. Msichana wa mtaani akibeba mimba kabla ya ndoa, Mama Labo alivuka barabara asimsalimie. Katika hilo sikumpenda, na nilimwambia.

Lakini ukinzani wake mkubwa ulikuwa mwingine. Hakuweza kuvumilia filamu isiyosafishwa. Ukimletea asubuhi, mchana anaitundika kwenye kamba. Kama huna haraka, yeye anayo. Alisema filamu iliyopigwa na isiyosafishwa ni kama mtu aliyeitwa jina na hajaitika. Na bado ndani ya frigo yake, nyuma ya chupa ya fiksateri, ile dawa ya kukaza, ndani ya kikopo cha plastiki, kulikuwa na filamu moja ambayo hakuigusa kwa miaka. Ilikuwa ya mwanawe.

Mwanawe alikuwa mpiga picha wa barabarani, mtoto wake wa pekee. Alizunguka upande wa Rutshuru akipiga picha za wanafunzi, za wafanyabiashara, za watu wanaotaka sura yao kwenye karata za utambulisho. Kituo chake kilikuwa Kiwanja. Filamu zake alizituma kwa watu wa moto, waendesha pikipiki, waliokuwa wakishuka Goma, mama akazisafisha, akachapisha, akamrudishia kwa njia hiyohiyo. Kabla barabara ya kaskazini haijafungwa mara ya kwanza, mtu wa moto alileta filamu kama kawaida. Siku chache baadaye simu ya kijana ikawa haipatikani. Barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Watu wa Kibumba walishuka na magodoro vichwani, kisha wa Kibati, kisha sisi wenyewe tukaanza kulala na mabegi yamefungwa. Kijana hakushuka na yeyote kati yao.

Nilimuuliza kwa nini haisafishi. Kwanza alisema dawa imezeeka. Dawa mpya ikaja, akasema umeme hauaminiki. Umeme ukatulia mwezi mzima, akasema kuna kazi za watu zinasubiri. Mwishowe nikamshikilia, nikamwambia kwamba hata mimi ambaye si mtu wa picha najua kitu hicho kinaharibika kikikaa. Akaacha kuzunguka, jambo ambalo si la kawaida, akanijibu kwa sauti ndogo.

“Akirudi atasafisha mwenyewe. Ni kazi yake.”

Baada ya hapo sikumuuliza tena. Nilielewa kwamba maadamu filamu ile iko vilevile, kijana yuko kazini tu na amechelewa. Ikitundikwa kwenye kamba, inakuwa kitu cha mwisho alichotuma. Niliona anajidanganya na nilimhurumia. Sikujua nifanye nini na huruma hiyo, kwa hiyo nilimuuzia mabomba kwa bei ya kununulia.

Barabara ilipofunguka alikwenda Kiwanja kumtafuta, na ilipofunguka tena akaenda tena. Aliuliza sokoni, parokiani, hospitalini, kwa watu wa moto. Waliomfahamu walimwambia alifunga mizigo yake akaondoka akiwa mzima, ila hakuna aliyejua kaenda upande gani. Kila aliporudi miguu ilikuwa imevimba na hasira imezidi. Uvumi wowote uliotoka kaskazini ulimtoa nyumbani. Ungemwona anafunga kitenge huku anakimbilia kituo cha moto, anauliza, anarudi, anawasha mota, anaanza kupima. Nadhani kupima ndiko kulikomzuia asipate wazimu, kwa sababu huwezi kupima ukiwa unatetemeka.

Kosa alilofanya kazini ninalijua moja, na Goma ndiyo iliyomfundisha. Familia moja ya watu wa Masisi ilimletea filamu ya harusi. Alipima dawa ya tanki lililolala, akalilaza, mota ikaanza kukwaruza, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Yeye kwa kuchanganyikiwa akalisimamisha tanki wima aanze kulitikisa kwa mkono. Dawa aliyokuwa ameipima ilikuwa ya kulala, si ya kusimama; ilifika katikati ya filamu na kuishia hapo. Harusi nzima ikatoka bila vichwa. Bwana harusi, bibi harusi, wasimamizi, wote wamevaa vizuri, na kuanzia kifuani kwenda juu ni weusi mtupu. Alikwenda mwenyewe kwa familia hiyo, akasimama katikati ya sebule, akawaambia amewakata vichwa. Hakumlaumu mtu wa umeme. Bibi ya bibi harusi alizishika picha akazitazama moja moja, kisha akaanza kuwatambua watu kwa viatu, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Nasikia picha zile bado ziko ukutani, na kila mgeni anayefika anapewa mtihani wa viatu.

Tangu hapo umeme ukikatika hakulisimamisha tena. Alilizungusha kwa viganja, limelala juu ya meza, mbele na nyuma, kama mtu anayesukuma chapati. Akaongeza na nivo, ile ya fundi mwashi yenye kitone cha hewa ndani ya kioo. Mnajua nyumba zetu zimekaa juu ya lava, hakuna sakafu iliyo sawa, na ardhi yenyewe haikai. Ikitikisika kidogo usiku, meza inaamka imeinama upande ambao jana haikuinama. Tanki likilala juu ya meza iliyoinama, dawa inakimbilia ncha moja na filamu upande wa pili inakufa njaa. Kwa hiyo kabla ya kupima alisawazisha, akisukumia vijiwe vyembamba vya lava chini ya magurudumu, akipiga magoti, akiinuka, akitazama kitone, akipiga magoti tena. Nilimwambia anasali. Alisema ndiyo, na kwamba Mungu ananisikia ninavyomkatiza sala.

Siku zile za vita, mji ulipobadilisha mikono, nilikuwa nimefunga famasi na kujificha ndani, mlango wa chuma umeshushwa. Milio ya risasi ilikuwa inasikika upande wa uwanja wa ndege, halafu ikawa inasikika kila upande. Nikasikia mtu anapiga mlango wa nyuma kwa mguu. Nilifungua nikijua nitakufa, nikamkuta Mama Labo amekumbatia tanki lake limelazwa tumboni, analizungusha kwa mikono yote miwili, anatembea huku analizungusha. Hakuwa na begi, hakuwa na viatu. Kelele zilipoanza alikuwa ameshamimina revelateri ya filamu ya ubatizo wa mtoto wa watu, na kipimo kilikuwa cha kulala. Kuliweka chini wima ni kuharibu. Kuliacha ni kuharibu. Kwa hiyo alikuja nalo.

Tulilala kifudifudi juu ya vigae nyuma ya kaunta, uso kwa uso, tukawa tunasukumiana tanki. Mimi nalisukuma linabingirika kwake, yeye analirudisha. Nje watu walikuwa wanakimbia, mtu mmoja alikuwa akimwita mtoto wake mwenyewe kwa jina bila kukoma, na sisi tunabingirisha. Nilikuwa nalia. Yeye aliniambia nisukume taratibu, nisilete mapovu. Baadaye alitoa kutoka kwenye blauzi chupa ndogo ya fiksateri, akamwaga revelateri kwenye ndoo yangu ya kudekia, akaendelea. Yule mtoto aliyebatizwa alitoka vizuri, ila upande mmoja ukiwa na giza kidogo, na Mama Labo alilalamika juu ya vigae vyangu kwamba havikuwekwa sawa.

Baada ya siku hizo dawa hazikuja tena. Wafanyabiashara waliacha kupita, uwanja wa ndege ulifungwa, na mizigo iliyobaki ilikuwa ya chakula. Chupa zake za kahawia zilikuwa zinaisha moja baada ya nyingine, na frigo ilikuwa kabati tu maana umeme ulikuja ukipenda. Alianza kuwakataa wateja. Niliona amebakiza chupa moja ya revelateri, iliyoanza kugeuka rangi, na nikajua anaiwekea nani. Niliogopa kumwambia aitumie na niliogopa asipoitumia. Ikigeuka zaidi isingefaa kwa filamu yoyote, na kitu pekee alichobakiwa nacho kutoka kwa mwanawe kingebaki tupu milele.

Jumapili moja baada ya misa ya pili alikuja famasini akiwa bado amevaa kitenge cha kanisa. Mvua ilikuwa inataka kunyesha. Aliomba bomba kubwa kuliko yote, lile la kulishia wagonjwa. Nikampa. Akasimama tu, hakuondoka, akawa anafungua na kufunga mkono.

“Mutoto yangu,” akasema, “kuja unishikie nivo.”

Nilifunga duka nikiwa na wateja ndani. Waliguna, wakatoka.

Jikoni kwake kila kitu kilikuwa tayari, hata filamu ya mwanawe imo ndani ya tanki. Maji aliyachemsha, akayachuja, akayapooza. Nilishika nivo mezani na yeye akapiga magoti kusukumia vijiwe. Mara hii ilichukua muda mrefu; kila kitone kilipofika katikati alianza upya. Kisha akamimina revelateri kutoka chupani. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Aliivuta kwa bomba, akainama, jicho kwenye mstari, nami niliona kwamba hata hapo hakutulia. Ilitosha kufunika tanki lililolala na kuzidi kidogo. Kama ingelisha, hakuna aliyejua.

Nilimwambia turudi gizani, tukate kipande kidogo cha mwanzo wa filamu tukijaribu kwanza. Alisema dawa ya kujaribu haipo. Nilimwambia basi aongeze maji ipande kidogo. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakunisemea maneno yake yale juu ya kufunika na kulisha. Alimimina yote bila maji, hata ile iliyozidi, mpaka bomba likavuta hewa. Miaka yote nilimwona akirudisha tone lililozidi ndani ya chupa. Siku hiyo aliitikisa chupa juu ya tanki, akaigonga kitako.

Mota haikuwa na umeme. Tulizungusha kwa mikono, yeye akichoka mimi napokea, bila kusimamisha. Aliongeza muda kwa sababu dawa ilikuwa imechoka, na muda huo wote alitembea, kutoka mezani mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni, akiongea juu ya bei ya unga, juu ya padri, juu ya jirani anayefuga nguruwe. Hakumtaja kijana. Mvua ikaanza kupiga mabati na sikumsikia tena, nilimwona midomo tu. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa naomba, mimi ambaye siombi, niseme ukweli: niliomba itoke hata sura moja, hata kama imefifia, apate cha kutundika.

Alimwaga, akamimina fiksateri, tukazungusha tena. Kisha akafungua kifuniko.

Ilikuwa imetoka. Imefifia, lakini imetoka. Alivuta filamu ikidondosha maji, akaipeleka dirishani, akaanza kuisoma kutoka mwanzo. Mimi kwenye negativu sioni kitu, naona mizimu tu yenye nyuso nyeusi na nywele nyeupe. Yeye aliisoma kama mtu anayesoma gazeti. Wanafunzi, akasema. Mmoja, mwingine, mwingine. Walisimamishwa mbele ya ukuta na kupigwa kila mtu peke yake, kazi ya kawaida, ya kubandikwa kwenye karata. Ukutani palikuwa na maandishi ya rangi, akayasoma polepole: Kalengera. Gari la kwenda Kiwanja linapita katikati ya Kalengera. Alipita hapo kila alipokwenda kumtafuta, na hakushuka.

Akafika picha ya mwisho na akaisogeza karibu zaidi na kioo. Nilimwuliza ni nini.

“Ni yeye,” akasema. “Kamera iko yake, na yeye njo iko mu picha. Nani alimupiga?”

Alinisogeza, akaweka ukucha chini ya filamu bila kuigusa. Kijana alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni, anamcheka mtu aliyeshika kamera. Jua lilikuwa nyuma ya mtu huyo, na kivuli chake kilianguka chini mpaka karibu na viatu vya kijana. Kwenye negativu kivuli ni cheupe. Baada ya kuonyeshwa niliweza kukiona hata mimi: kichwa kilichofungwa kitambaa, viwiko viwili vilivyoinuliwa kwa ajili ya kamera, ni mwanamke. Na nyuma ya bega lake, kichwa kingine, kidogo, cha mtoto aliyebebwa mgongoni.

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akivuka barabara asiwasalimie wasichana wa watu. Hakukuwa na haja ya kumkumbusha, maana niliuona uso wake na nikajua anaelewa kwa nini hakuambiwa. Kijana alijua filamu itasafishwa na nani. Alijua hawezi kuyasema kwa mdomo, kwa hiyo aliyaweka mwisho wa filamu, akamkabidhi mtu wa moto, akangoja mama aone.

Aliitazama ile alama nyeupe ya kichwa kidogo jinsi koko, yaani nyanya, anavyomtazama mjukuu aliyeletwa kwa mara ya kwanza, akitafuta masikio ya nani, kichwa cha nani. Nikaweka mkono mgongoni mwake. Akauliza, bila kugeuka, mtoto wa mgongoni wa wakati ule leo amefika wapi. Nikamwambia kwamba sasa anatembea, anakimbia.

“Anasema tayari,” akasema. “Anasema, na iko na mutu mwengine anaita koko.”

Akaniwekea filamu mikononi, ikiwa bado inadondosha maji, akatoka kwenye mvua kutafuta mtu wa moto wa kumpeleka Kalengera. Nilibaki dirishani nimeishika kwa ncha mbili, nikiinua mikono juu isiguse kitu.